Tiba ni bure, safari ni ya kulipia: kwa nini familia za vijijini Uganda hukatisha matibabu ya mtoto

Tangu Machi 2001, serikali ya Uganda ilipofuta ada za matibabu katika vituo vyake vya afya, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali kubwa, mzazi anayempeleka mwanawe kwenye kituo cha umma hatakiwi kutoa hata shilingi moja ili mtoto aonwe na daktari. Hata hivyo, wanaohudumu katika wodi za watoto wenye saratani, kliniki za selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) na vituo vya watoto wenye kifafa wanalijua jambo ambalo hesabu za ghala la dawa hazilionyeshi: kitanda kilicholaliwa na mtoto wiki hii hukutwa kitupu wiki inayofuata, dawa yake ingali kabatini, na mtoto mwenyewe hajapona wala hajafa, amerudishwa nyumbani. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni ujinga, au ushirikina, au uzembe wa wazazi. Maelezo hayo ni mepesi mno, na kwa sehemu kubwa si ya haki. Wazazi wengi hukatisha tiba baada ya kupiga hesabu, na asiyeijua hesabu hiyo hawezi kuwasaidia hata akiwa na moyo wa huruma kiasi gani.

Hesabu huanzia kwenye ngazi za huduma zenyewe. Kijijini kuna wahudumu wa afya wa kujitolea wanaoitwa VHT. Kwenye muluka, yaani kundi la vijiji, kuna kituo cha afya cha ngazi ya pili, kwenye gombolola, lenye miluka kadhaa, cha ngazi ya tatu, kisha cha ngazi ya nne, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya kanda kama zile za Arua, Gulu, Mbale, Hoima na Mbarara, na kileleni Mulago, Kampala. Mpangilio huu ulijengwa kwa ajili ya maradhi yanayowaua watoto wengi zaidi, yaani malaria, nimonia na kuhara, na kwa maradhi hayo unafaa, kwa kuwa mtoto anaweza kutibiwa gombololani akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye uvimbe, moyo mbovu au maji kichwani hana bahati hiyo. Yeye hupanda ngazi zote, na kila anapofika panapo ngazi mpya hukuta nauli mpya, foleni mpya, na muuguzi mpya anayeuliza upya habari ambazo mama amekwisha kuzieleza mara kadhaa.

Saratani iitwayo limfoma ya Burkitt inaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyokwama. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, aliieleza kwa maandishi mwaka 1958, na hospitali ya Kuluva iliyo karibu na Arua ni miongoni mwa mahali ambapo kumbukumbu za mapema za wagonjwa wake zilitunzwa. Huwapata hasa watoto, tena zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi kama West Nile, yaani kanda ya Arua, na kaskazini mwa nchi, kwa sababu malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr huandaa njia ya chembe za damu kugeuka kuwa saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago, ilianza kazi kwa ajili ya watoto hawa. Ni saratani inayokua upesi kuliko karibu zote, chembe zake zikiweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na ni kwa sababu ya kasi hiyo hiyo dawa huiyeyusha upesi.

Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni taya kuvimba na meno kulegea. Katika nchi ambayo bado kuna wanaowang'oa watoto wachanga vijino vinavyoitwa ebinyo kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa, si ajabu mzazi akamfikiria kwanza mng'oa meno. Wiki mbili au tatu hupita. Anapofika hatimaye hospitali, sampuli ikachukuliwa na tibakemikali, yaani dawa za saratani zinazotolewa kwa duru, ikaanza, mambo hubadilika kwa namna inayomshangaza kila mtu, kwani baada ya duru ya kwanza uvimbe hupungua mbele ya macho, mtoto anaanza kula na kucheza na wenzake wodini. Mama aliyeacha watoto wengine wanne nyumbani anamwona mwanawe mzima. Daktari anasema zimebaki duru tano. Hapo ndipo wengi huondoka, na ugonjwa, ambao ulikuwa umejificha tu, hurudi kwa nguvu ambayo dawa za awali haziiwezi tena.

Tuchukue mfano wa familia ya wakulima wa Koboko, ambao wanazungumza Kiswahili sokoni na Kikakwa nyumbani, na ambao mtoto wao amepangiwa duru sita Kampala, zikipishana wiki mbili au tatu. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, usiku mzima ndani ya basi. Wakienda na kurudi kila duru, watu wawili, hizo ni tiketi 24, bila kuhesabu bodaboda ya kutoka kijijini hadi stendi na ile ya kutoka stendi ya Kampala hadi Mulago. Wakiamua kubaki mjini, nauli inaokolewa lakini mama anapaswa kula kwa miezi kadhaa katika jiji asilo na shamba wala shangazi. Hospitali humpa mtoto kitanda. Anayemuuguza hulala kwenye mkeka chini ya kitanda hicho au barazani, na ndiye anayefua mashuka, anayetafuta mkaa, anayepika uji, anayekimbia kununua mabomba ya sindano au dawa iliyoisha ghalani, na anayelipia kipimo ambacho mashine yake imeharibika hospitalini lakini inafanya kazi katika maabara ya mtu binafsi ng'ambo ya barabara. Huyu muuguzaji ni sehemu ya hospitali, ingawa hayumo katika bajeti yoyote.

Gharama iliyo kubwa kuliko hizo haionekani kabisa Kampala. Kaskazini mwa Uganda kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, tofauti na kusini ambako mvua huja mara mbili. Mama akiondoka Aprili, karanga na ufuta havipandwi, au hupandwa kwa kuchelewa na bila palizi. Njaa inayotokana na hilo itabisha hodi mwaka ujao, wakati kila mtu amesahau kwamba kulikuwa na mgonjwa. Pesa za safari nazo hupatikana kwa kuuza, na kuuza kuna mpangilio unaojulikana: kuku hutangulia, wakifuatiwa na mbuzi, kisha baiskeli au ng'ombe, na mwisho kipande cha ardhi, ambacho baba hawezi kukiuza bila kuzua ugomvi na ndugu zake wa ukoo. Familia iliyouza mbuzi inaweza kuinuka tena. Iliyouza ardhi haiinuki. Kwa hiyo baba anayesema "tumrudishe mtoto nyumbani kwanza" huenda anawatazama watoto wake wanne wengine, na hakuna mtu wodini aliyewahi kumuuliza habari zao.

Watoto hao wengine wanastahili kutajwa zaidi ya kupita. Elimu ya msingi imekuwa bila ada tangu mwaka 1997, lakini binti wa miaka kumi na miwili ambaye mama yake yuko Mulago hageuki mwanafunzi kwa sababu ya sera. Anageuka mpishi, mchota maji na mlezi wa wadogo zake. Bibi akiwepo, ana afadhali. Asipokuwepo, mtoto mmoja anapougua, mwenzake huacha shule, na tofauti ni kwamba kuacha shule hakuandikwi katika faili la mgonjwa.

Magonjwa ya muda mrefu yana mzigo wa umbo tofauti. Utafiti uliofanywa nchini kwa sampuli za damu za karibu watoto wachanga 100,000, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walikuwa wamebeba chembe ya urithi ya selimundu na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Tiba yake ya kila siku haina makuu: penisilini hadi mtoto afikishe miaka mitano, kinga ya malaria, maji ya kutosha, na kwa wanaoipata, haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu. Shida ni kwamba mashambulizi hayo hayana tarehe. Saratani humpa mzazi kalenda, hata kama ni kalenda ya kuchosha; selimundu humwamsha saa nane usiku, mvua ikinyesha, mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, na bodaboda wa usiku anatoza mara mbili au tatu. Familia ya namna hii haiwezi kusubiri kikao cha mchango. Inahitaji fedha kidogo zilizokwisha kuwekwa mahali, na mwendeshaji wa bodaboda aliyekubali mapema kwamba atabeba usiku na kulipwa asubuhi.

Hapa kuna jambo ambalo limekuwa likinikera. Uganda ina mtandao mzuri wa kusafirisha sampuli za maabara: waendesha pikipiki hupita kwenye vituo vya vijijini, hukusanya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, na sampuli hizo hufika maabara kuu bila familia kulipa chochote. Utafiti nilioutaja ulitumia sampuli zilizokusanywa kwa njia hiyo. Tone la damu la mtoto wa Bundibugyo, magharibi kabisa mwa nchi, husafiri bure hadi Kampala. Mtoto mwenyewe, majibu yakionyesha kwamba ni mgonjwa, hutafuta nauli yake.

Selimundu pia huvunja ndoa, na maelezo sahihi ya kitaalamu yanaweza kuwa msaada mkubwa kuliko kilo ya sukari. Mtoto hupata ugonjwa huu pale anaporithi chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama; mzazi mmoja peke yake hawezi kuusababisha. Bado mawifi na wakwe humnyooshea kidole mke kwamba ndiye aliyeleta damu mbaya katika ukoo, na baba huondoka kwenda kuoa kwingine. Muuguzi anayewaita wazazi wote wawili, ikiwezekana pamoja na mama mkwe, na kuwaeleza urithi huu kwa lugha wanayoielewa, amefanya kazi ya tiba, kwa kuwa mtoto mwenye wazazi wawili hurudi kliniki kwa urahisi zaidi.

Wapo madaktari walioielewa barabara ya kijijini kiasi cha kubadilisha upasuaji wenyewe. Hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupokea watoto wenye maji kichwani, wengi wao wakiwa wamepata tatizo hilo kutokana na maambukizi ya siku za kwanza za maisha. Tiba iliyozoeleka duniani ni kuweka mrija wa kutoa maji kichwani kuyapeleka tumboni, lakini mrija huziba, na ukiziba mtoto anapaswa kufika kwa daktari mpasuaji haraka. Kwa mtoto wa kijijini, kuziba kwa mrija ni sawa na hukumu ya kifo. Benjamin Warf, daktari kutoka Marekani aliyefanya kazi hapo, aliunganisha njia mbili, kutoboa kwa msaada wa kamera ndogo mlango mpya wa maji ndani ya ubongo na kuunguza tishu inayoyazalisha, hivyo watoto wengi wakaweza kuishi bila mrija. Umbali wa nyumbani kwa mgonjwa uliingizwa katika uamuzi wa kitabibu, jambo ambalo ningependa kuliona katika wodi nyingine.

Mzigo wa namna nyingine ni ule wa ugonjwa wa kutikisa kichwa, unaoleta mashambulizi kama ya kifafa, ulioziandama Kitgum, Pader, Lamwo na wilaya za jirani kaskazini mwa nchi. Mwaka 2012 serikali ilifungua vituo vya uchunguzi na tiba katika maeneo hayo hayo, na dawa za kifafa ziliwapunguzia wengi mashambulizi. Lakini mtoto anayeanguka ghafla hawezi kuachwa peke yake karibu na moto wala kisima, na wazazi waliokuwa wakienda shambani walifikia hatua ya kuwafunga watoto wao kwa kamba ili wawakute hai. Watu wa mijini waliposikia habari hizo walishtuka na kuwaita wakatili. Ukweli ni kwamba kile ambacho familia hizo zilikikosa kuliko dawa ni mtu mzima wa kukaa na mtoto kwa muda wa saa nne kila asubuhi, na hicho ni kitu ambacho kijiji kinaweza kukitoa bila mfadhili.

Basi tunasaidiaje? Njia tuliyoizoea ni mchango. Picha ya mtoto huzungushwa kwenye simu, redio hutangaza, kanisa au msikiti hukusanya, na mbunge hutoa bahasha mbele ya kamera. Sidharau mchango, umewafikisha wengi kwenye chumba cha upasuaji. Kasoro yake ni kwamba huchangamkia siku moja kubwa, ilhali familia huanguka katika duru ya tatu au ya nne, wakati habari imepoa. Tena, ukitazama kwa makini, utaona kwamba vijiji vyetu vimejipanga vizuri zaidi kwa ajili ya maziko kuliko kwa ajili ya tiba. Chama cha kuzikana kina daftari, mweka hazina, sufuria, turubai na faini kwa asiyefika. Mgonjwa aliye hai hana chama chake.

Kule Kigezi, kusini-magharibi, walikuwa nacho. Milima yake haipitiki kwa gari kila mahali, hivyo kaya za jirani ziliunda vyama vya engozi, yaani machela ya kusukwa ambayo wanaume hupokezana kuibeba begani hadi hospitali. Aliyekwepa zamu alitozwa. Hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima yake ya jamii mwaka 1996 juu ya vyama hivyo, na Hospitali ya Jamii ya Bwindi huko Kanungu ikafuata mwaka 2010. Siri ya mpango huu ni kwamba watu hujiunga kama kundi. Ukiruhusu kila mtu ajiunge anapotaka, watakaokuja ni wale ambao tayari wana mgonjwa ndani ya nyumba, na mfuko utakauka kabla ya mwaka kuisha. Wakijiunga kijiji kizima, wazima huwabeba wagonjwa kama walivyowabeba kwenye machela. Mipaka yake nayo isifichwe. Bima ya hospitali moja haimfuati mtoto hadi Kampala, na michango midogo ya wakulima haiwezi kubeba saratani. Kazi hiyo ilitarajiwa kufanywa na bima ya afya ya taifa, ambayo muswada wake ulipitishwa na Bunge mwaka 2021 lakini haukutiwa saini na Rais.

Kwa kuwa bima hiyo haipo, chama cha kuzikana, kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya ya kanisa au ya msikiti kinaweza kuchukua sehemu ya hesabu, mradi kiulize swali lililo sahihi. Wengi huuliza, "Mnahitaji shilingi ngapi?" Swali linalofaa ni tarehe: mtoto anatakiwa kurudi hospitali lini, na baada ya hapo lini, hadi mwisho. Tarehe hizo zikiandikwa kwenye daftari la chama, nauli huandaliwa kabla ya siku yake, watu wawili hupangwa kulima shamba la mama wiki atakayokuwa hayupo, na nyumba moja huwachukua watoto kwa chakula cha jioni ili binti abaki shuleni. Nauli itunzwe kama dawa inavyotunzwa, kwa kuwa kukosa duru moja kwa sababu ya basi ni sawa na kukosa duru moja kwa sababu ghala ni tupu.

Lugha nayo hugharimu. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, anayekijua vizuri kuliko waliokiandika katika Katiba, hufika wodini Kampala akakuta Kiganda na Kiingereza. Anaitikia kwa kichwa. Muuguzi anadhani ameelewa kwamba homa yoyote wakati wa tibakemikali ni dharura ya siku hiyo hiyo, kumbe yeye ameelewa kwamba ampe mtoto panadol. Msemaji wa Kiswahili anayeishi karibu na Mulago, akijitolea kupita wodini alasiri moja kwa wiki, anaweza kuokoa maisha bila kutoa hata shilingi.

Kuna watoto ambao hawatapona, na familia zao ndizo zinazoachwa mapema kuliko zote, kana kwamba daktari akishaishiwa dawa ya kuponya hakuna kilichobaki. Uganda ina sababu ya kujivunia hapa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, ilileta mofini ya maji inayonywewa nyumbani, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika kwa mgonjwa, jambo ambalo nchi chache zilikuwa zimethubutu. Mofini hiyo hutolewa bure, na shirika lina matawi Mbarara na Hoima, mbali na Kampala. Wazazi huogopa kwamba itamwua mtoto au itamfanya mlevi. Ikipimwa kwa uzito wa mtoto na kupewa kwa saa zake, inampa usingizi na hamu ya kula, na mama naye hupata usiku wa kupumzika.

Hesabu ya mwisho ambayo familia huifanya, na ambayo hakuna anayeisema kwa sauti, ni ya maiti. Mtoto hai hupanda basi kwa nauli ya kawaida. Akifa Kampala, itabidi gari likodiwe hadi Koboko, na gharama hiyo peke yake inaweza kula ng'ombe aliyebaki. Wazazi wengi wanaotoroka wodini usiku wanaikimbia gharama hiyo, wakitaka pia mtoto azikwe kwao. Daktari anayewaambia ukweli mapema, kwa upole na kwa lugha yao, huwapa nafasi ya kurudi nyumbani wakati mtoto bado anaweza kukaa kwenye kiti, wakiwa na chupa ya mofini, barua ya rufaa na namba ya simu ya muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, aliye karibu nao. Anayenyamaza huwalazimisha kutoroka bila hata kimoja cha hivyo.

Baada ya maziko, chama hufunga daftari, lakini madeni ya nauli na dawa hubaki, na kama ugonjwa ulikuwa selimundu, wadogo zake marehemu bado hawajapimwa. Anayefaa kuwakumbusha wazazi kipimo hicho ni yule yule mhudumu wa VHT aliyekuwa akiwatembelea, ikiwa ziara zake hazitakoma siku ya maziko.